NENO LISIISHIE MIMBARINI

Masomo: Nehemia 8:1–12, 1 Wakorintho 14:6–19



Mtume Paulo aliwafundisha Warumi kwamba imani huja kwa njia ya kusikia (Rum. 10:17). Mara nyingi twasema juu ya wajibu wa msikilizaji: aje mapema, atulie, aufungue moyo wake. Leo twapenda kusema juu ya wajibu wa yule anayesikilizwa. Huyu ni msomaji wa masomo, mhubiri, kiongozi wa jumuiya, mama anayetoa neno katika Umoja wa Akina Mama, kijana anayesimama kusoma matangazo. Maana hakuna awezaye kulipokea neno ambalo halikumfikia.

Tulitazame kwanza kusanyiko la Yerusalemu katika siku za Nehemia. Watu wamerudi kutoka uhamishoni, kuta za mji zimejengwa tena, nao wamekusanyika katika uwanja ulio mbele ya Lango la Maji. Wanamwomba Ezra alete kitabu cha Torati. Angalieni jinsi kazi ile ilivyopangwa. Ilitengenezwa mimbari ya mti kwa kusudi hilo hilo, ili Ezra asimame juu na watu wote wamwone. Akasoma tangu asubuhi na mapema hata adhuhuri. Walawi nao wakawasaidia watu kuyafahamu yaliyosomwa. Watu wakalia, kisha wakatulizwa, wakaenda kula na kunywa, na kuwapelekea chakula wale wasiokuwa na kitu. Na mstari wa 12 watueleza sababu ya furaha yao: walikuwa wameyaelewa maneno waliyoambiwa.

Haisemwi kwamba walifurahi kwa sababu Ezra alikuwa na sauti nzuri. Walifurahi kwa kuwa walielewa. Hicho ndicho kipimo tulichopewa.

Wazee wetu wa Kianglikana walilijua jambo hili. Sala ya siku ya Jumapili ya Pili ya Majilio, katika Kitabu cha Sala cha zamani, ilitungwa na Askofu Mkuu Thomas Cranmer kwa ajili ya kitabu cha mwaka 1549. Inamwomba Mungu atujalie mambo matano juu ya Maandiko Matakatifu, na la kwanza kabisa ni kuyasikia, kuyasoma hufuata. Wakati ule Wakristo wengi wa Uingereza hawakujua kusoma, na Neno liliwafikia kwa masikio tu. Leo kijana wa Temeke anayo Biblia nzima ndani ya simu yake, lakini siku ya Jumapili, kama watu wa Lango la Maji, bado hulipokea Neno kwa sikio.

Basi tuwatazame watu wanaokaa katika mabenchi yetu. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba mkoa wa Dar es Salaam una watu zaidi ya milioni 5, nao wametoka kila pembe ya nchi. Katika benchi moja yuko mzee aliyebatizwa Masasi, ambaye Kiswahili chake ni cha katekisimu. Karibu naye yuko mjukuu aliyezaliwa Mwananyamala, ambaye Kiswahili chake ni cha kituo cha daladala. Yuko fundi mwashi, yuko muuguzi aliyetoka zamu ya usiku, yuko mama muuza vitumbua. Tuseme mama huyu ametoka Mbagala kwa daladala mbili. Ana mgonjwa amelazwa Muhimbili, na amekuja kanisani na swali moja tu moyoni: je, Mungu amenisahau? Na tuseme somo la siku hiyo ni Isaya 49, pale Bwana anapojilinganisha na mama anyonyeshaye, akiahidi kwamba hata kama mama angeweza kumsahau mtoto wake, Yeye hatasahau. Jibu la mama yule limo ndani ya kitabu kilichofunguliwa mbele yake! Lakini msomaji amelisoma mbio, uso umezama katika kurasa, sauti imefia kwenye benchi la pili. Mama anarudi Mbagala na swali lake lile lile. Ndugu, hilo si kosa dogo la ibada. Ni mkate uliofika mlangoni ukarudishwa.

Kwa nini basi tunasema vibaya? Tuliofanya kazi miaka mingi katika vyuo vya ualimu twajua kwamba wako wasemaji wa namna mbili wanaoshindwa, nao huonekana kuwa tofauti kabisa. Wa kwanza ni mwoga. Wa pili ni mwenye kujionyesha. Biblia inao wote wawili.

Mwoga ni Musa. Katika Kutoka 4 anamwambia Mungu kwamba yeye si msemaji, ulimi wake ni mzito. Mungu hakumkemea kwa kuwa na ulimi mzito; alikasirika pale Musa alipozidi kukataa kwenda. Akampa Haruni awe msaidizi wake. Tena tuone mwisho wa habari hii: kitabu cha Kumbukumbu la Torati karibu chote ni hotuba za Musa yule yule. Mtu asiyeweza kusema aliishia kusema kitabu kizima, kwa sababu aliwapenda watu waliokuwa karibu kuvuka Yordani bila yeye.

Mwenye kujionyesha ni Herode, katika Matendo 12. Alivaa mavazi ya kifalme, akaketi katika kiti chake, akatoa hotuba. Watu wakapiga kelele kwamba hiyo ni sauti ya mungu, si ya mwanadamu. Yeye akaipokea sifa ile bila kumpa Mungu utukufu, na mwisho wake mwaujua: aliliwa na chango.

Musa na Herode walikuwa na ugonjwa mmoja. Kila mmoja alikuwa akijitazama mwenyewe. Mwoga anajiuliza, “Watanionaje nikikosea?” Mwenye kujionyesha anajiuliza, “Wananionaje sasa?” Hakuna hata mmoja anayeuliza, “Je, mama yule wa nyuma amesikia?”

Wanachuo wetu walipokwenda kwenye mazoezi ya kufundisha kwa mara ya kwanza, walitetemeka mbele ya watoto wa darasa la tatu hata chaki zikawavunjikia mkononi. Haikusaidia kuwaambia wasiogope, kwa maana hofu haiondoki kwa kuamriwa. Tuliwaambia hivi: mtafute mtoto mmoja wa benchi la nyuma, umfundishe yeye. Mwalimu anayeshughulika kujua kama mtoto yule amefahamu hapati tena nafasi ya kushughulika na magoti yake mwenyewe. Dawa hiyo ndiyo inayomfaa msomaji na mhubiri. Kusema vizuri mbele za watu ni tendo la upendo kwa msikilizaji. Mengine yote hutoka hapo. Tuyataje machache.

Kwanza, upendo hujiandaa. Hakuna mwalimu anayeingia darasani bila andalio la somo, na andalio huanza na madhumuni: mwisho wa kipindi, mwanafunzi aweze kufanya nini? Mhubiri naye, kabla ya kuandika neno lo lote, na aandike sentensi moja: Jumatatu sokoni Tandika, mtu akiulizwa padre alisema nini, ajibu nini? Kama sisi wenyewe hatuwezi kuiandika sentensi hiyo, tusitegemee kwamba msikilizaji ataibuni.

Msomaji naye ajiandae. Alisome somo kwa sauti nyumbani mara tatu, wala si kwa macho tu. Aweke alama mahali pa kupumua. Mwanzo wa Waraka kwa Waefeso, tangu mstari wa 3 hata wa 14, katika Kiyunani ni sentensi moja tu. Asiyetafuta mapema mahali pa kupumzika atakatikiwa pumzi katikati ya baraka za Mungu. Kila Pentekoste twasoma orodha ile ya Matendo 2: Waparthi, Wamedi, Waelami, mpaka Frigia na Pamfilia. Mtu asikutane na majina hayo kwa mara ya kwanza mbele za watu. Na tuziangalie herufi zetu. Mtu wa Mungu anayekula si mtu wa Mungu anayekura. Dhambi si zambi, wala thawabu si sawabu. Hatusemi haya ili kumcheka ye yote kwa lafudhi ya kwao. Kila lafudhi ni njema mradi neno lisikike kuwa ni neno lile.

Pili, upendo hutaka kusikika. Yesu alipoona makutano wamemsonga kando ya bahari, alipanda chomboni akaketi, watu wakabaki nchi kavu (Marko 4:1). Alichagua mahali ambapo wengi wangeweza kumwona na kumsikia. Kule Nazareti alisimama kusoma, akakifunga kitabu, akakirudisha, akaketi. Na kabla hajasema neno, macho ya watu wote yalikuwa yamemkazia (Luka 4:20). Hakuwa na haraka. Sisi twaanza kusoma tukiwa bado tunatembea.

Fika mahali pa kusomea, simama kwa miguu miwili, tazama watu, ndipo utangaze somo. Inua macho mwisho wa kila sentensi. Kama kuna kipaza sauti, kaa nacho umbali wa shubiri moja hivi, usikigonge wala kukipulizia. Kumbukeni kwamba kipaza sauti hukuza sauti tu. Hakikuzi maana, na anayesema mbio hukuzwa pamoja na mbio zake. Mvua ikipiga juu ya mabati, usishindane nayo. Waimbe watu pambio, mvua ikipungua uendelee. Baa ya jirani ikifungulia muziki, ipunguze mwendo sauti yako badala ya kupiga kelele. Anayesema taratibu husikika mbali kuliko anayefoka.

Tatu, upendo huanza pale msikilizaji alipo. Vyuoni tulifundisha kanuni hii: kutoka kinachojulikana kwenda kisichojulikana. Paulo aliitumia Athene. Hakuanza na Ibrahimu, ambaye Waathene hawakumjua, alianza na madhabahu yao wenyewe, iliyoandikwa kwa heshima ya mungu asiyejulikana (Mdo. 17:23). Nabii Nathani alipotumwa kwa Daudi, hakumwendea kwa hotuba juu ya uzinzi na uuaji. Alimsimulia habari ya tajiri, maskini, na mwana-kondoo mmoja, katika mistari minne tu (2 Sam. 12:1–4). Daudi akahukumu kwa kinywa chake mwenyewe kabla hajajua kwamba ndiye mshtakiwa.

Hata historia ya Kanisa letu katika pwani hii yatufundisha hivyo. Edward Steere alifika Unguja mwaka 1864, na baadaye akawa askofu. Mwaka 1870 alichapisha kitabu cha ngano alizosimuliwa na wenyeji wa Unguja. Mtu aliyekuja kuhubiri aliketi kwanza kusikiliza hadithi. Ndipo akaweza kuisimamia kazi ya kutafsiri Maandiko katika Kiswahili ambacho watu wenyewe walikitambua kuwa ni chao. Mhubiri asiyewahi kuketi kibarazani kwa watu wake, asiyejua bei ya unga wala adha ya foleni ya maji, atapata wapi mfano utakaowagusa?

Nne, upendo hupanga, tena hufupisha. Baba wa Taifa, Hayati Julius Nyerere, alikuwa mwalimu wa shule Pugu mpaka mwaka 1955 alipoiacha kazi hiyo kwa ajili ya siasa, na ualimu haukumtoka ulimini maisha yake yote. Novemba 1978, majeshi ya Idi Amin yalipokuwa yameivamia Kagera, aliwaeleza wananchi kwamba yako mambo matatu ambayo taifa linayo: sababu, nia na uwezo. Matatu tu, na kila moja kwa neno moja. Waliosikia kwa redio hawakuhitaji daftari. Watu wazima wa leo waliokuwa watoto siku zile bado wanayakumbuka. Mpango mzuri ni fadhili kwa msikilizaji, maana yeye hawezi kurudi ukurasa wa nyuma.

Na kuhusu urefu, twamkumbuka kijana Eutiko wa Troa (Mdo. 20). Paulo aliendelea kusema hata usiku wa manane, chumba kilikuwa na taa nyingi, kijana akasinzia dirishani akaanguka toka orofa ya tatu, akaokotwa amekufa. Paulo alishuka, akamkumbatia, uhai ukamrudia. Ndugu wahubiri, sisi hatuna hakika ya karama hiyo. Basi tumalize mapema. Na wenye matangazo wasidhani hawahusiki. Mara nyingi Eutiko wa siku hizi husalimika katika mahubiri na kuanguka katika matangazo.

Tano, upendo husema kweli. Hapa tusikilizane sana, maana hatari iko kwa yule aliyekwisha kujua kusema. Mwaka 1963 Mwalimu Nyerere alitoa tafsiri yake ya Kiswahili ya tamthilia ya Shakespeare juu ya Julius Caesar. Walioisoma wanakumbuka hotuba mbili mbele ya maiti. Brutus anatoa hoja zake, na watu wanakubali. Kisha anasimama Antony. Anawaonyesha vazi lililotobolewa kwa visu, anawaonyesha majeraha, anawadokezea wasia. Mji unawaka moto. Wale waliosisimka wanakwenda njiani wanakutana na mtunga mashairi mmoja aitwaye Cinna, nao wanamshambulia, ingawa awaambia kwamba hamo katika njama, kwa kosa la kuitwa jina moja na mmoja wa wauaji. Hiyo ndiyo nguvu ya ulimi usio na kweli wala huruma: huwasha moto usioweza kuchagua wa kumchoma.

Sisi nasi tuna viwanja vyetu. Fikirini msiba wa Kinondoni au Buza. Turubai limefungwa njiani, watu wameketi kwenye mikeka na viti vya kukodi, na nusu ya waliokuja kuzika ni majirani Waislamu, waliochota maji, waliopika, waliolala pale usiku kucha. Msemaji wa Kikristo anapewa kipaza sauti. Aweza kuwachoma watu wale kwa dhihaka juu ya dini yao, na wachache watampigia makofi. Aweza kutumia jeneza la mwenzake kama ngazi ya kujionyesha. Au aweza kumtaja marehemu kwa haki, kuwashukuru majirani, na kulitangaza tumaini la ufufuo kwa maneno machache, hata mfiwa alale usiku ule. Ufasaha ni ule ule katika njia zote hizo. Tofauti ni kama msemaji anampenda aliye mbele yake.

Tena kweli haina ahadi ya makofi. Bwana wetu kule Nazareti alisifiwa kwa maneno yake ya neema. Lakini alipowakumbusha mjane wa Sarepta na Naamani Mshami, wageni waliotendewa mema, wale wale walimtoa nje ya mji wapate kumtupa genge. Kama ni makofi yanayopima, siku ile Yesu alishindwa. Mwalimu hapimi somo kwa makofi. Katika tathmini hajiulizi, “Je, nimefundisha?” bali, “Je, wamejifunza?”

Basi tufanye nini katika mtaa wetu? Twatoa mashauri manne, na yote hayahitaji fedha.

Wasomaji wapewe masomo yao siku ya Jumatano, si mlangoni pa kanisa. Jumamosi jioni, wanapokuja kufagia na kupamba, msomaji asimame asome, na mwenzake akae benchi la mwisho; asiposikia neno, ainue mkono.

Wazee wa kanisa wawasahihishe wasemaji, lakini kwa mfano wa Prisila na Akila. Apolo alikuwa fasaha na hodari katika Maandiko, lakini elimu yake ilikuwa na upungufu. Mke na mume hawa hawakumpinga mbele ya sinagogi. Walimchukua kwao, wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi (Mdo. 18:26), na kutoka hapo akawa msaada mkubwa kwa wengi. Kikombe cha chai nyumbani kimewafundisha wahubiri wengi kuliko karipio la hadharani.

Vijana wapewe nafasi ya kusema mapema, kwa dakika tano katika jumuiya, mbele ya watu kumi wanaowapenda. Anayengoja mpaka awe hodari ndipo asimame hatasimama kamwe. Yeremia naye alisema yeye ni mtoto.

Na ye yote atakayesimama Jumapili, amwombee kwa jina mtu mmoja wa benchi la nyuma kabla ya kutoka nyumbani. Yule unayemwombea alfajiri huwezi kumsahau saa tatu.

Paulo, aliyejaliwa lugha nyingi, aliwaambia Wakorintho kwamba kanisani aona heri maneno matano yanayofahamika kuliko maneno elfu kumi yasiyofahamika (1 Kor. 14:19). Matano! Mama wa Mbagala hakuhitaji zaidi ya hayo. Alihitaji tu kuambiwa, polepole na kwa sauti ya kumfikia, kwamba Mungu hakumsahau.

Tuombe. Ee Bwana, uliyekifungua kinywa cha Musa na kuitakasa midomo ya Isaya, watazame wote wasomao na kuhubiri katika mtaa wetu. Waondolee hofu wenye kuogopa, waondolee majivuno wenye kujivuna. Wape kuwapenda watu wako waliochoka, ili Neno lako lisiishie mimbarini, bali lifike hata benchi la mwisho, na kutoka hapo liende nyumbani. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.